Soli ya Milimita Tano

Jumatatu, 22 Januari

Ubao wa matangazo ya mtaa umenifikia asubuhi kutoka kwa akina Yoshikai. Husomwa nyumba hadi nyumba. Kila mmoja hugonga mhuri wake, kisha humpelekea jirani. Nimegonga wangu. Lakini kwanza nimechukua kalamu nyekundu.

Tangazo ni la Hirasawa, nahodha wa timu yetu ya mbio za kupokezana. "Kwa ajili ya usalama, wakimbiaji waliozidi miaka sitini na tano wanaombwa kuvaa viatu vyenye soli nene."

Wakimbiaji! Tuko wawili tu wa umri huo. Mimi, na Negishi. Na Negishi ndiye fundi anayenishonea viatu vyangu: soli ya milimita tano, kisigino na vidole usawa mmoja. Basi tangazo zima, lililosambazwa nyumba thelathini na nne, linahusu miguu yangu miwili.

Nimemsahihishia makosa matatu. Nilimfundisha huyo darasa la tano na la sita. Hata wakati ule hakuwa msikivu.

Jumatano, 24 Januari

Mkutano wa timu, ukumbi wa mtaa. Nimerudi nyumbani na hasira mpaka chai imenishinda.

Hirasawa amepiga magoti vizuri kwenye mkeka, ameinama, ndipo akanichoma. "Mwalimu, usinielewe vibaya. Miaka kumi na moja mfululizo ukanda wetu ulifika mkononi mwa kila mkimbiaji. Mwaka jana..."

"Mwaka jana nini? Maliza sentensi."

Hakuimaliza. Nitaimaliza mimi hapa. Ukanda wa timu huvaliwa kifuani na kukabidhiwa mkimbiaji anayefuata, kituo hadi kituo. Muda wa kituo ukiisha kabla ya mwenzako kufika, bastola hulia, nawe huanza kukimbia na ukanda mweupe wa kuazima. Mwaka jana mimi nilikimbia mkondo wa tano, yaani kipande cha tano cha njia, Hirasawa wa sita. Bastola ililia nikiwa nimebakiza mita sitini. Niliuona mgongo wake ukiondoka na ule ukanda wa kuazima. Ukanda wetu wa zambarau ulikuwa umenigandia kifuani kwa jasho, na hapakuwa na mtu wa kumpa.

Ulikuwa upepo. Niliwaambia hivyo siku ileile.

Sasa wamekata shauri. Jumamosi nitakimbia kilomita tatu kwenye tuta la mto pamoja na Bi Sakakibara, aliyejiunga mwaka jana akiwa na miaka sitini na mitatu na viatu kama magodoro. Atakayetangulia ndiye wa mkondo wa tano.

"Mwalimu, jaribu vyangu siku moja tu," ameniambia huku akicheka. "Ni kama kukimbia juu ya keki!"

"Keki mimi naila. Siikanyagi."

Hayo si yote. Natoka mlangoni, viatu vyangu havipo! Viatu vya watu kumi na wawili vimepangwa vimeelekea nje, vyangu hakuna. Mzee Ogura, mtunza ukumbi, amevikuta akaviweka ndani, kwenye rafu ya viatu vya wacheza tenisi ya meza.

"Samahani sana, Mwalimu! Nilidhani ni vya ndani. Soli yenyewe hii, nani atatoka nayo barabarani?"

Wamecheka wote. Negishi naye amecheka! Mtu aliyevishona kwa mikono yake! Kisha ameinama kuvaa vyake, nami nimeona. Rangi ya chungwa. Soli nene kama mkate wa maziwa.

Miaka ishirini na minane tumekimbia pamoja kwenye lile tuta. Hakunitazama usoni.

Jumamosi, 27 Januari

Mimi: dakika 17 na sekunde 21. Bi Sakakibara: 17 na 34.

Upepo ulikuwa wa kweli leo, tena wa kaskazini, wa kukata masikio. Nimemwacha kwenye mita mia nne za mwisho. Nyuma yangu nilisikia viatu vyake vikidunda — papu, papu, papu — halafu sikuvisikia tena. Vyangu havina sauti. Anayekimbia vizuri hasikiki.

Hirasawa ameinama mpaka nimeona kipara chake. "Mkondo wa tano ni wako, Mwalimu."

"Najua."

Bi Sakakibara atakuwa wa akiba. Nimewaeleza wote palepale, hata wasiouliza: hatua fupi, mguu utue chini ya mwili si mbele yake, kisigino kiguse ardhi taratibu. Soli bapa hukufundisha, soli nene hukubembeleza. Nimewapa ushahidi: tangu Septemba, Negishi aliponibadilishia soli, sijasikia maumivu hata siku moja. Umri wangu ni miaka sitini na minane!

Negishi ndiye aliyeshika saa. Alikuwa anaitazama saa hiyo hata baada ya mbio kwisha. Nimemwuliza habari ya mikate yake ya rangi ya chungwa.

"Magoti, Mwalimu."

"Magoti yako yalikuwa mazima mwaka juzi."

"Mwaka juzi yalikuwa mazima," amesema, akaenda kufungua baiskeli yake.

Jumapili, 28 Januari

Nimemwandikia Bi Sakakibara ukurasa mzima kuhusu namna ya kukimbia, wino mweusi, mwandiko wa darasani. Nimempelekea pamoja na machungwa madogo manane. Ameupokea kwa mikono miwili.

"Wewe huchoki kufundisha, Mwalimu."

Sikupenda alivyolisema.

Alhamisi, 1 Februari

Negishi hakuja tutani, leo siku ya tatu. Nimempigia simu kumwagiza jozi mpya, maana hii imeanza kuisha pembeni.

"Sishoni tena," amesema.

"Tangu lini?"

"Tangu Septemba. Vyako vilikuwa vya mwisho."

Kisha amekata simu. Amenikatia mimi simu! Baba yake alishona tabi, vile viatu vya kitambaa vyenye kidole gumba peke yake, babu yake alishona tabi, nusu ya mtaa huu ililelewa na cherehani za tabi. Yeye ndiye aliyebandika mpira chini ya tabi na kuniambia: kimbia hivi, Mwalimu, kama miguu ilivyoumbwa. Nami nilimwamini. Leo anavaa magodoro yaliyotoka kiwandani na kunikatia simu.

Jumatatu, 5 Februari

Theluji tangu saa sita mchana. Nilikuwa tayari tutani. Sikugeuka, nimemaliza kilomita zangu tano, viatu vimelowa chapachapa.

Nimevijaza magazeti, nikaviweka mbali kidogo na jiko la mafuta ya taa. Baada ya saa moja nimekwenda kubadilisha magazeti. Bitana ya kiatu cha kulia imeachia upande wa kisigino. Nimeivuta kidogo. Chini yake kuna kitu.

Kabari ya ngozi. Imechongwa vizuri sana, nene nyuma, nyembamba kama karatasi inapofika katikati ya wayo. Imebandikwa, ikafunikwa, ikashonewa juu. Mshono wa Negishi, naujua kama mwandiko wa mwanafunzi wangu.

Nimechukua rula yangu ya shule. Milimita saba.

Nimefungua cha kushoto kwa kijiti cha kupikia. Milimita saba.

Kisigino na vidole usawa mmoja! Miezi mitano! Nimesimama mbele ya watu kumi na wawili nikihubiri soli bapa, na miguuni nimevaa visigino!

Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 6 Februari

Nilikuwa karakanani kwake saa mbili asubuhi. Cherehani zote zimefunikwa shuka. Nimeziweka kabari mbili mezani.

"Hizi ni nini?"

Amezitazama. Hakujifanya kushangaa, na kwa hilo namsifu. "Ni kabari, Mwalimu."

"Nani alikuomba?"

"Mguu wako. Ulikuja Septemba unachechemea kama kuku aliyefungwa kamba, unaniambia ni upepo wa Februari. Upepo gani wa miezi saba?"

"Ungeniambia!"

"Nikuambie wewe?" Sasa yeye ndiye aliyepaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Nani katika mtaa huu amewahi kukuambia jambo? Hirasawa ana miaka hamsini na miwili, na anakuandikia kwenye ubao kwa sababu anaogopa kukuambia uso kwa uso!"

Kisha amevua soksi ya kulia, amenionyesha mguu. Juu ya kidole cha tatu kuna uvimbe mgumu. Mfupa ulipasuka mwaka juzi, akikimbia na viatu vyake mwenyewe, alivyovishona mwenyewe. Sisi sote alituambia ameanguka kwenye ngazi. Nilimpelekea uji wa wali kwa ajili ya hiyo ngazi!

"Wengine miguu yao inakubali mpaka wanaingia kaburini," amesema. "Yangu ilikataa. Yako imeanza kukataa. Nisingekushonea tena kitu cha kukuvunja."

"Kwa hiyo ukanidanganya."

"Nikakudanganya. Na Jumamosi ile ukamshinda Sakakibara. Kwa kabari zangu."

Nimeziokota na kuondoka. Nimevaa viatu mlangoni bila kuketi, bila kuaga. Sijawahi kuondoka kwenye nyumba ya mtu bila kuaga.

Ijumaa, 9 Februari

Nimekimbia bila kabari. Soli ya milimita tano na basi, kama zamani.

Kilomita ya kwanza nilikuwa nacheka peke yangu. Barabara niliisikia yote: mchanga, ufa, mstari wa rangi nyeupe. Nilisema kwa sauti, unaona, Negishi? Unaona?

Kilomita ya pili, mwanzo wa daraja, shavu la mguu wa kulia limekaza kama mtu aliyenishika kwa mkono. Palepale. Nguzo ileile ya taa ya mwaka jana.

Nimerudi kwa miguu. Dakika arobaini. Mwenye duka la mchele amenisalimia, nimemwambia natazama maua ya plamu. Hayajachanua.

Haya. Mwaka jana haukuwa upepo. Mguu ulinikamata darajani, nikasimama, nikaushika, sekunde zikapita. Niliandika "upepo" hata humu, katika daftari lisilosomwa na mtu! Nilikuwa namdanganya nani?

Jioni Hirasawa amepiga simu. "Mwisho wa kubadilisha majina ni kesho saa sita mchana, Mwalimu. Nauliza tu. Mambo yako sawa?"

"Kwa nini yasiwe sawa?"

"Naam. Samahani, Mwalimu."

Ningeweza kusema. Neno moja tu. Bi Sakakibara angekimbia, na ukanda ungefika. Nimekaa na simu mkononi mpaka ikaanza kulia yenyewe.

Jumamosi, 10 Februari

Saa sita imepita. Sikupiga simu.

Kabari nimezitia kwenye bahasha. Sijui kwa nini sikuzitupa.

Jumapili, 11 Februari

Saa nne na dakika arobaini. Uwanja wa shule ya msingi, kituo cha mkondo wa tano. Naandika nikiwa nimeketi kwenye mkeka wa plastiki, namba kifuani, koti juu. Baridi kali, jua zuri. Hakuna upepo hata kidogo. Hata unyasi hautikisiki!

Nimevaa viatu vyangu. Bila kabari. Bahasha imo mfukoni mwa koti.

Kwa desturi wa akiba ndiye anayemshikia mkimbiaji koti, kwa hiyo Bi Sakakibara yuko pembeni yangu na chupa ya chai ya moto. Sikumwomba. Amenimiminia kifunikoni.

Bastola ya kituo hiki itakuwa saa tano na dakika kumi. Mkondo wa pili tulipoteza sana, mwana wa akina Yoshikai ameanguka kwenye kona. Kwa hiyo Negishi, ambaye ni wa nne, alipokea ukanda akiwa amechelewa. Mambo yatakuwa ya sekunde, hapa na kule kwa Hirasawa.

Nimejinyoosha mara mbili. Mguu wa kulia ni mgumu kama ubao.

"Mwalimu," Bi Sakakibara amesema polepole, bila kunigeukia. "Huo wa kulia unaukwepa."

"Siukwepi."

"Ijumaa nilikuona darajani. Nilikuwa ng'ambo, na mbwa."

Nimekunywa chai. Imeniunguza ulimi.

"Mbona hukumwambia Hirasawa?"

"Ningesema nini? Wa kusema ulikuwa wewe. Jana nilisubiri simu mpaka saa sita, na viatu miguuni."

Na viatu miguuni! Mimi nilikuwa sebuleni nikiitazama saa, na yeye nyumba ya pili amekaa mlangoni na magodoro yake, akinisubiri mimi.

Nina hasira. Si naye.

Saa nne na dakika hamsini na nane. Wa kwanza wanapita, ukanda wa kijani, wa bluu. Hapa wanapiga makofi, kule wanalia.

Saa tano na dakika mbili. Kipaza sauti kimeita namba zinazokaribia, kilomita moja bado. Kumi na nne. Tisa. Ishirini na saba — sisi! Negishi yuko kilomita moja. Dakika sita kwake, na huo mguu wake. Atafika. Mzee mwongo yule, atafika.

Nimetoa bahasha. Bi Sakakibara amechungulia ndani, ameelewa kabla sijaeleza, au alielewa zamani. Hajacheka. Ametoa kwenye mkoba wake mkanda wa plasta wa madaktari, ameukata kwa meno.

"Hiyo plasta itashika mpaka mwisho?" nimemwuliza.

"Sijui, Mwalimu."

Saa tano na dakika nne. Nimevua cha kulia, nimempa. Anapiga magoti kwenye mkeka, anabandika kabari, watu wote wanatazama, Mzee Ogura naye anatazama. Amenyoosha mkono bila kuinua kichwa.

"Na cha kushoto. Weka hiyo kalamu chini, Mwalimu!"