Anayekitaka Kinywaji Akibebe

Atikokan, 2 Juni 1996

Baba mpendwa,

Sisi huku tu wazima, ila usingizi umetuhama. Eero anaota meno na anataka nyumba nzima ishuhudie. Goti lako linaendeleaje? Na masikio? Nimeacha kupiga simu kwa sababu mara ya mwisho nilikuuliza kama unakula vizuri, ukaniambia kwamba theluji imeyeyuka.

Asante kwa mkate wa iliki. Umeungua kidogo chini, lakini Helmi aliula mpaka ule ukoko, akasema mkate wa babu una ladha ya moto wa kambi. Tangu mama afariki sikutegemea kuuonja tena mkate ule. Asante sana.

Kuhusu safari, jibu ni ndiyo. Siku tano, wiki ya kwanza ya Julai, mimi na wewe na Helmi katika mtumbwi mmoja. Gordon ameomba likizo kiwandani, atabaki na mwanawe Eero. Hujui nilivyofurahi, baba. Tangu Eero azaliwe sijashika kasia, nimeshika nepi tu.

Chakula hatutagombana. Tutagombana kwenye vinywaji, kama siku zote. Maji yamejaa maziwani, tutachemsha. Chupa na makopo haviruhusiwi hifadhini, kwa hiyo kila kitu kitamiminwa kwenye mifuko. Na ile sheria yako naikumbuka: anayekitaka kinywaji akibebe mwenyewe, kila tunapotoka ziwa moja kwenda jingine kwa miguu. Mimi nitaleta majani ya chai, kakao, juisi ya unga, na lita mbili za maziwa kwa ajili ya Helmi. Ana miaka minne na maziwa ya unga hayagusi. Anayanusa tu, anasema ni maji ya chaki.

Jambo moja, na hili silisemi kwa mzaha. Brandi isije. Hata kile kifuniko kimoja cha kutia kwenye kahawa. Umeomba Helmi aje kwako siku kumi mwezi wa Agosti mkachume matunda. Nitakujibu tukisharudi safarini. Nakuambia mapema ili usije ukasema sikukuambia.

Ni mimi mwanao,
Tuulikki

—

Lappe, 9 Juni 1996

Mwanangu Tuulikki,

Barua yako imefika, nami sijambo. Goti linalia kama mlango wa ghala, lakini linafunguka. Msalimie Gordon, mwambie nepi haziumi.

Maziwa mabichi! Nimekata magogo miaka thelathini na moja. Nimeona watu wakiingia porini na gitaa, na meza, na mmoja alibeba picha ya mkewe ndani ya fremu ya kioo. Maziwa sijaona. Lita mbili ni kilo mbili. Ile njia ya tatu ya kubebea mizigo ni zaidi ya kilomita moja, na matope yake yanakuvua kiatu. Siku ya pili yatakuwa yamechacha, tutanuka kama zizi, na dubu watakuja kutuuliza tuna ng'ombe wangapi. Beba ya unga. Mtoto akishikwa na kiu atakunywa hata hiyo chaki.

Juisi ya unga sawa. Kakao sawa. Chai ni yako, mimi sinywi majani. Mimi naleta nusu kilo ya kahawa na lile birika jeusi, na kuhusu hayo sitaki barua.

Hilo la brandi nimelisoma. Kifuniko kimoja jioni kwa mzee wa miaka sitini na sita ni dawa ya goti. Lakini nimelisoma.

Mwambie Helmi nimemchongea kasia lake. Ni fupi, na lina jina lake.

Babako

—

Atikokan, 16 Juni 1996

Baba mpendwa,

Nimefurahi kusikia goti linafunguka. Huku Eero amepata jino la tatu na amelijaribu kwenye bega langu. Helmi analala na kasia ambalo hajaliona, yaani analala na mwiko wangu wa jikoni.

Umenishinda kwenye maziwa. Nimeyaacha. Mimi ndiye nitakayebeba mtumbwi kichwani, kwa hiyo kilo mbili najua maana yake. Nitachukua ya unga na nitavumilia kununa kwa Helmi.

Lakini kwenye brandi hujanijibu. Umesema umelisoma. Hata gazeti unalisoma.

Baba, acha nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi na wewe, kwenye lile ziwa refu la kaskazini. Usiku wa kwanza ulimaliza mfuko wote wa brandi. Asubuhi uliingia kwenye mtumbwi kwa miguu yako, ukalala juu ya mizigo. Upepo ukaja. Nilipiga kasia peke yangu kutoka asubuhi mpaka jua likapita utosini, mawimbi yakiingia, nikikuita huamki. Tulipofika ufukweni ukaniuliza kama nimepika kahawa. Nikapika. Mama sikumwambia, kwa sababu nilijua hatakuruhusu kunichukua tena, na mimi nilipenda kwenda na wewe kuliko kitu chochote duniani.

Mimi niliogopa nikanyamaza. Helmi sitaki aogope, wala sitaki ajifunze kunyamaza. Kama goti linahitaji dawa, duka la dawa lina mafuta ya kuchua. Naomba neno lako.

Mwanao akupendaye,
Tuulikki

—

Lappe, 22 Juni 1996

Mwanangu,

Brandi haiji. Hilo ndilo neno langu.

Nimenunua mafuta ya kuchua. Yananuka kuliko maziwa yako. Tukutane gatini tarehe mosi, saa mbili asubuhi. Usichelewe, upepo hausubiri nepi.

Babako

—

Atikokan, 9 Julai 1996

Baba mpendwa,

Natumaini umefika salama na goti limepumzika. Sisi tumefika. Helmi ana alama za mbu mpaka kwenye kope na anazionyesha kwa majirani kama nishani. Gordon alitupokea na nyumba safi, nikaangua kilio mlangoni, akadhani kuna mtu amekufa maji.

Nimekaa siku nne nikitafuta namna ya kuanza. Naanza basi na lile lenyewe.

Ile siku ya pili, kwenye ile njia ya matope, nilikuona unasimama kila baada ya hatua chache. Nikakuambia, "Baba, nipe hilo shanta dogo nilitupie mgongoni, nitarudi kuchukua mtumbwi." Ukalikumbatia. Ukasema, "Hili niachie mimi, wewe shughulika na lako." Tangu hapo sikuona miti wala maji. Niliona hilo shanta tu.

Ulipokwenda kutafuta kuni nililifungua. Nikakuta mfuko wa mvinyo, ule wa rangi ya fedha unaotolewa kwenye boksi, umefungwa kwa magazeti na sweta lako la sufu. Umejaa, na wa baridi. Sisi sote tunaiosha mifuko ile na kuitumia tena, hakuna anayeweza kujua kilichomo kwa kuutazama. Mimi sikunusa. Sikuonja. Nilijiambia najua. Nikaenda mpaka kwenye mwamba, nikafungua mrija, nikaminya kwa mikono miwili kwa hasira ya miaka kumi na mitano.

Yakatoka meupe.

Hata hivyo mikono yangu haikuacha kuminya mara moja. Helmi akaja na kasia lake, akasema, "Mama, mbona unayanywesha mawe maziwa?" Wewe ukatokea na kuni kifuani. Uliutazama mwamba, ukanitazama mimi. Ukasema, "Bakiza kidogo. Mawe ya huku hayajazoea maziwa, yataharisha." Kisha ukainama kuwasha moto, na hukusema kitu kingine mpaka asubuhi.

Ulikuwa umeyagandisha nyumbani. Uliyabeba kwenye goti lile, kwa ajili ya kikombe cha mtoto. Asubuhi Helmi aliyanywa yaliyobaki akafuta mdomo kwa sweta lako, ukacheka naye. Mimi ulinipa kahawa bila kuniangalia.

Uliniambia brandi haiji, na haikuja. Nami nilipekua mzigo wako kama askari wa forodha. Nisamehe, baba. Na asante. Ningekuwa na neno kubwa kuliko asante ningelitumia.

Mwanao,
Tuulikki

—

Atikokan, 24 Julai 1996

Baba mpendwa,

Hujambo? Nauliza kweli. Wiki mbili zimepita na sijapata barua. Nilimpigia jirani yako Onni, akasema anaona moshi wa sauna yako kila Jumamosi unapooga, kwa hiyo najua u hai na u safi.

Helmi ananiuliza kila siku kama ni Agosti. Sijamjibu, kwa sababu sijui kama wewe bado unamtaka, au kama mimi nimeharibu. Nitukane kama unataka, ila uandike.

Mwanao,
Tuulikki

—

Lappe, 28 Julai 1996

Mwanangu Tuulikki,

Mimi mzima. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua nne. Kila moja ilikuwa na uongo mdogo ndani, nikaitia jikoni pamoja na kuni.

Umeniandikia kana kwamba mimi ni mtu mwema uliyemkosea. Jambo hilo ndilo limenizuia kalamu. Sikiliza sasa.

Asubuhi ya kuondoka mifuko ilikuwa miwili mezani. Mmoja una maziwa, mmoja una brandi. Neno langu nilikuwa nimekupa, tena kwa wino, na bado nilikuwa nimeujaza huo wa pili. Niliipima yote miwili kwa mizani ya samaki. Goti lilikuwa na nguvu ya mfuko mmoja. Nikasimama pale mpaka kahawa ikafurika ikazima moto. Sitakudanganya kwamba nilichagua haraka. Nilichukua maziwa nikatoka bila kufunga mlango, nikiogopa kwamba nikirudi kuufunga nitabadilisha.

Kwa hiyo ulipofungua shanta langu hukunionea. Ungelifungua mwaka juzi ungekuta ulichokitafuta. Nilinyamaza usiku ule kwa sababu niliona jinsi nilivyokaribia kuuleta ule mwingine.

Tena kuna lingine. Ile siku ya upepo, ulipokuwa na miaka kumi na mitatu. Niliamka, Tuulikki. Niliamka kabla hatujafika ufukweni, kama saa nzima kabla. Nilikuona umepiga magoti unapiga kasia, midomo imekuwa ya buluu, na wewe unajiimbia ili usilie. Nikaona aibu kufumbua macho. Nikayafumba tena nikakuacha upige. Kisha nikaulizia kahawa. Kwa miaka hii yote nimejiombea kwamba hukumbuki, na wewe umeniandikia mpaka mawimbi yalivyoingia.

Huo mfuko wa brandi bado umening'inia kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha sauna. Sijaufungua. Sijautupa pia. Nakuambia mambo yalivyo.

Helmi namtaka. Usipomleta nitaelewa, na kasia nitalitunza.

Babako

—

Atikokan, 1 Agosti 1996

Baba mpendwa,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, Eero mkononi. Nikaisoma tena jikoni, nimekaa. Sisi wazima. Wewe pia, naona, kuliko nilivyokujua.

Nimelia, sikufichi. Nimekukasirikia kwa ile saa moja. Nilijiona mtoto yule, na safari hii najua kulikuwa na mtu macho. Hasira hiyo haitaisha wiki hii, na sitakuambia imekwisha. Lakini hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeniambia jambo hilo, na hukulazimishwa. Ungeweza kubaki mtu mwema aliyebeba maziwa. Nilikuwa tayari kukuacha ubaki hivyo maisha yako yote.

Mtu anayeniambia ukweli unaomuaibisha naweza kumwachia mtoto. Aliyenipa neno tu, nisingeweza.

Basi Jumamosi namleta Helmi. Siku kumi. Jaketi lake la kuelea lisitoke mwilini akiwa karibu na maji, hata akikuimbia, na atakuimbia. Alale saa mbili. Akikataa samaki usimbembeleze, njaa itambembeleza.

Na ule mfuko, baba, utoke nyumbani na utoke saunani kabla hatujafika. Usiumwage kwa ajili ya kunifurahisha mimi. Mpe Onni, mwagia magugu, shauri yako. Ila haulali boma moja na mwanangu. Siku ukihisi unauhitaji, piga simu. Kelele zako nitazivumilia, nami nitakuja kumchukua bila kukusema neno, na safari nyingine atarudi tena. Hilo ni neno langu, na mimi pia nimeliandika kwa wino.

Gordon anakwenda na Eero kwa dada yake siku hizo hizo. Unajua hiyo ina maana gani? Nyumba tupu. Ni zawadi yako hiyo, ingawa hukukusudia, na nakushukuru kwayo kama kwa mengine yote.

Nikifika sitafungua kabati, wala shanta, wala mlango wa sauna. Nitasimama kizingitini nikuulize mara moja tu, nawe utanijibu. Kisha nitageuza gari nirudi nikalale.

Mwanao akupendaye,
Tuulikki