Siku Pilau ya Baba Haikuiva

Osh, Ijumaa

Kaka yangu mpendwa Shuhrat,

Pokea salamu zetu huko Urusi kwenye baridi. Kile kikohozi chako kimepoa? Sisi ni wazima, ila mimi nina hasira, na nisipokumwagia wewe sijui nimmwagie nani.

Unajua mtaa wetu mpaka leo unakunywa maji ya mfereji. Basi mimi na Aijarkin, yule rafiki yangu Mkirgizi, tuliunda kamati ya vijana. Tulibisha hodi nyumba za kwao na za kwetu Wauzbeki, tukiuliza nani mtoto wake anaumwa tumbo, mpaka baraza la mji likakubali kutusikiliza habari ya bomba. Hotuba niliiandika mimi.

Siku yenyewe, mwenyekiti wa baraza akawaketisha vijana wa Kikirgizi ukumbini, wao ndio waseme. Sisi akatutupa uani: wavulana wakate karoti, wasichana tupange sahani, na baba, kama kwenye shughuli zote za mji, awapikie wageni pilau. Ati huo ndio umoja. Hotuba yangu akapewa Aijarkin aisome.

Nikaingia hivyo hivyo, nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akaniuliza, "Vipi binti, pilau imeiva?" Ukumbi mzima ukacheka. Kaka, damu ilinichemka.

Sasa nikwambie jambo ambalo mama hataki ulijue. Nilitoka nikachukua ndoo ya maji, nikaimwaga kwenye moto wa baba. Ndiyo, baba yule yule ambaye tangu nyumba zetu Wauzbeki zilipochomwa kwenye zile ghasia anatuambia tufunge midomo, na ndiye aliyekuomba tiketi ili sote tukufuate huko. Nikangoja kofi. Akautazama mchele mbichi, akanitazama mimi, akasema kuna kuni bado zinawaka. Akachukua ndoo nyingine akazizima mwenyewe.

Akaingia ukumbini na aproni yake, sisi nyuma yake. Tukamkuta Aijarkin amesimama, amegoma kusoma neno hata moja. Akanipisha, nikasema yote. Mwenyekiti akajibu kwamba watalitazama, akaongeza kuwa baba asahau kupika tena kwenye shughuli za mji. Bomba bado, lakini Jumatatu wametuita tena, na safari hii hakuna anayepika.

Mama anakusalimu sana, Aijarkin pia. Baba anasema tiketi usitume. Jumatatu ana kikao.

Ni mimi mdogo wako,
Mavluda