Programu Aliyoitumia Wiki Nzima

Shoga, leo nimemfunga mdomo bwana mkubwa wa mfuko wa serikali! Haya, kwanza nilisinzia kwenye benchi lake nikakoroma.

Mjukuu wangu kaenda kuomba mtaji wa ile programu yake ya simu, inayokumbusha wazee kumeza dawa. Mfuko wenyewe ni wa vijana wa teknolojia, lakini wanataka hati ya nyumba! Ya nyumba, shoga! Angekuwa na nyumba angewabembeleza?

Bwana akasema, "Tena nimeitumia wiki nzima. Haifai."

Wiki nzima!

Nikamuuliza kwa sauti yangu hii ya kukwaruza, "Mwanangu, inakukumbusha kwa sauti ya nani?"

"Ya binti mmoja hivi, laini."

Mjukuu akasema, "Bosi, sauti ni ya bibi huyu hapa."