Udongo Mwekundu Kwenye Gurudumu la Mashua

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Unakumbuka siku wapagazi walipotua mizigo yao kwetu Kongwa? Walikuwa wamebeba mashua ya tanga vipande vipande, wakiipeleka ziwa Tanganyika. Mmoja wao alikuwa ameanguka korongoni, na kapi alilobeba, kile kigurudumu cha kupitishia waya, likapinda. Bwana wa misheni akakuita wewe, mhunzi wake. Ulilinyoosha, kisha ukaomba kuona linavyofanya kazi. Wakaufunga usukani wote uani kwetu, juu ya nchi kavu, mbuzi wakitazama: gurudumu mbele, ubao wa usukani nyuma, na kati yake nyaya mbili zilizopita kwenye makapi.

Jirani yetu Mbeho alicheka. "Mhunzi, utavuka maji gani hapa? Mate ya ng'ombe?"

"Wewe shika huo mkia huko nyuma," ukamjibu, "uniambie ukigeuka."

Mimi ulinisimamisha penye gurudumu. "Usitazame kwanza, mwanangu. Sikiliza kwa mikono." Ukanifundisha kwamba likiwa zito, kuna kapi lililokauka au waya uliokazwa mno. Likizunguka bila usukani kuitika, waya umelegea. Likilia, waya unasugua mahali. Kisha ukapitisha pamba juu ya waya, polepole. "Pamba ikinaswa, hapo nyuzi zimeanza kukatika. Usijaribu kwa kidole, utalia."

Wenye mashua wakakuomba ufuatane nayo, uwe mtunzaji wa usukani, nawe ukakubali.

Asubuhi ya safari bibi alitoka na kibuyu cha mafuta na udongo mwekundu, akakupaka kwenye paji la uso kama alivyompaka kila aliyetoka nyumbani kwenda mbali. Halafu, tulipokuwa tunaagana, akaipaka na mashua: gurudumu, nyaya, na makapi yote. Wapagazi walinung'unika kwamba udongo ule ungeyasaga makapi. Wewe hukumkemea mama yako. Ulimwambia, "Mama, baraka imeshaingia. Niruhusu nifute inayozidi." Ukayasafisha makapi na nyaya, ukapaka mafuta safi ya mkia wa kondoo. Katikati ya gurudumu tu ukaacha alama nyekundu. "Hapa haidhuru kitu," ukaninong'oneza.

Tulipopata habari kwamba mashua imepinduka na wewe umezama, bibi alisema neno moja tu: "Ni udongo wangu." Nilimweleza jinsi ulivyoufuta. Hakunisikia. Tangu hapo kibuyu kilining'inia ukutani bila kuguswa. Kaka alipokwenda kwenye kazi ya reli, aliondoka na uso mkavu, bila kupakwa, na bibi hakutoka nje kumuaga.

Baada ya mavuno alifika Masanja, aliyekuwa baharia pamoja nawe. Tulimpa ugali na mlenda. Nilingoja amalize kunawa, kisha nikamuuliza, kwa sababu watu huwapoza wafiwa kwa maneno mazuri, nami nilitaka kujua kweli.

"Siku ile gurudumu lilikuwa zito?"

"La. Lilikuwa laini."

"Lilizunguka bila usukani kuitika?"

"Lilipoguswa tu, mashua iligeuka."

"Lililia?"

Akanitazama. "Binti, wewe ni mwanafunzi au mhunzi?"

"Ni mtoto wa mhunzi."

Basi akaacha kutabasamu. "Baba yako alipitisha pamba kila asubuhi. Tulimcheka, tukisema anainawisha mashua uso. Hata siku ile alipitisha, ikatoka nzima. Ni mlingoti uliovunjika, si usukani. Mawimbi yalikuwa yakitusukuma kwenye mawe, yeye akatugeuza kuelekea kwenye matete. Sisi tukaruka. Yeye alibaki ameshika gurudumu mpaka wa mwisho wetu atoke, na wimbi likamkuta hapo."

Bibi alikuwa mlangoni. Sikujua amesimama hapo tangu lini. "Na ule udongo?" akauliza.

"Ulikuwepo katikati ya gurudumu, mama. Hakuruhusu mtu auguse."

Bibi aliketi chini palepale kizingitini akakulilia, baba, kwa mara ya kwanza.

Kesho naondoka kwenda Mpwapwa kujifunza kufundisha watoto wadogo. Naogopa kidogo. Nafikiri gurudumu langu litakuwa zito mwanzoni, na sitakuwa na wewe wa kuniambia ni kapi gani limekauka. Lakini nimejua kusikiliza kabla ya kulaumu, na hilo nimelipata kwako.

Jioni hii bibi alikitungua kibuyu. Mafuta ya zamani yalikuwa yameharibika, akayamwaga, akatia mapya, akachanganya udongo. Akanipaka kwenye paji la uso, na tone likanichuruzika hadi kwenye nyusi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nifute inayozidi?"

Nikamwambia aiache.

Mungu akulaze pema, baba, huko majini ulikoishia.

Ni mimi binti yako, uliyemsimamisha penye gurudumu.