Mama Mkwe Alivyofagia Gesi

Shoga, usinipigie, soma tu.

Nimeingia jikoni, gesi inanuka. Lile kopo la butani la jiko letu dogo lilikuwa linavuja. Mama mkwe kafungua mlango wa nyuma, kashika ufagio, anafagia. Sakafu haina hata punje ya uchafu. Anafagia hewa.

Nikasema moyoni, mama wa watu akili ndiyo basi tena. Nikamwambia, "Mama pumzika, ngoja niwashe feni."

Nikanyoosha mkono kwenye swichi, akanipiga mkono kwa ufagio. Mama mkwe, shoga. Kwa ufagio.

"Unataka kutuchoma? Swichi inatoa cheche. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, imelala hapa miguuni. Isukume itoke."

Kumbe alijaza viberiti vya gesi kiwandani miaka kumi na minane. Sikuwahi kumuuliza.

Tukafagia wote wawili kuelekea mlango wa nyuma, mpaka harufu ikaisha.

Halafu akainua macho juu ya ile swichi, nilikotundika cheti changu cha usalama kazini.

"Hiki cha nini, mwanangu? Sina miwani."

Nikamwambia cha ushonaji.