Seva Iliponyamaza

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa kimya cha miezi mitano. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Unajua ninaandika programu inayowaonyesha wauguzi mzio wa mgonjwa kabla hajadungwa sindano. Programu huiuliza seva ya kumbukumbu za hospitali, nayo hujibu. Tunapofanya majaribio hatuisumbui seva halisi. Tunatumia maktaba, yaani msimbo ambao watu wameuandika na kuutoa bure, iigize majibu yake. Mwaka jana nilipewa maktaba mbili nizilinganishe. Moja hurekodi majibu ya seva yenyewe, pamoja na makosa yake. Nyingine unaiandikia majibu kwa mkono wako. Ya kwanza ilirefusha majaribio kwa dakika tisa. Nikachagua ya pili.

Niliandika majibu mazuri tu, Shangazi. Sikuandika hata jaribio moja ambamo seva inanyamaza. Wiki iliyopita ilinyamaza, na programu ikaonyesha "Hana mzio." Mama mmoja, fundi cherehani, akadungwa dawa asiyoivumilia. Anapumua kwa mashine.

Bosi anataka niandike upya ule ulinganisho, nionyeshe kwamba maktaba niliyoichagua ndiyo mbovu. "Aliyeiandika halipwi, wala hajui kama tupo," alisema. "Atatufanya nini?" Hospitali nyingine kumi na moja bado zinaitumia programu, kwa kuwa bosi anasema kuwaambia waizime ni kukiri kosa. Nikikataa nitafukuzwa, pengine nitashtakiwa. Nifanye nini?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado linauma, na halihusiki.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Tabia za maktaba mbili umezieleza kwa ufasaha. Kuhusu yule mama umenipa mistari miwili. Ana watoto? Nani anakaa naye?

Nitakuambia jambo ambalo hata marehemu baba yako hakulijua. Mwaka wangu wa pili wa ualimu, mkaguzi alipotangaza kuja, niliwafundisha wanafunzi maswali kumi na majibu yake. Mbele ya mkaguzi niliuliza yale kumi tu. Akanisifu, nikapandishwa cheo. Kwenye mtihani wa mwisho walianguka wote isipokuwa wawili. Lawama niliitupia vitabu. Mmoja wao anabeba mizigo sokoni, na hadi leo huniamkia na kuniita Mwalimu. Huwa nabadilisha njia.

Langu limekwisha kuharibika. Lako bado linaendelea katika hospitali kumi na moja. Zipigie simu leo. Ulinganisho utauandika baadaye, na uandike kweli.

Sikuandikii ili kukuliwaza.

Shangazi yako

26 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sijapata jibu. Kama uliandika uongo, niambie hivyohivyo. Kwangu utaingia bila kubisha hodi. Nilikuwa mkali kwa sababu ninaogopa.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako ya kwanza niliiweka chini ya kibodi kwa siku nne. Siku hizo nne nilikuwa nachora jedwali la bosi, safu baada ya safu, hata maktaba ikaonekana mbovu kweli. Siku ya tano seva ilinyamaza katika hospitali nyingine. Muuguzi mmoja mzee hakuiamini skrini, akamuuliza mgonjwa mwenyewe. Ndivyo mgonjwa huyo alivyonusurika. Mimi sikuwa na mchango wowote.

Nilizipigia zote kumi na moja siku hiyohiyo. Zilipoizima programu, bosi alinivua kitambulisho mlangoni. "Umejifanya malaika, sivyo?" aliniambia. Ulinganisho nimeuandika upya: maktaba zote mbili ni nzima, aliyeacha kujaribu ni mimi.

Uliuliza kuhusu watoto. Yule mama anao watatu, na binti mkubwa ndiye anayekaa naye. Nilimpelekea ulinganisho mkononi. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akasema, "Mama alikuwa anaongea vizuri tu siku ile. Alijua dawa inayomdhuru. Mbona hakuna aliyemuuliza?"

Leo madaktari wamewaita watoto wote watatu waamue kama ile mashine izimwe. Niko kwenye benchi nje ya mlango. Hawakuniita, wala hawakunifukuza. Wakishaamua, nitakuandikia.

Mwanao