Arobaini Yako Tuliichora Uwanjani

Baba, shikamoo.

Tumepanda.

Naanza na hilo kwa sababu nakujua, usingesoma neno jingine kabla ya hilo. Tumepanda Ligi Kuu, Baba. Hii ligi ambayo siku hizi kila mtu anaiita Championship, na wewe peke yako mji mzima ukaendelea kuiita Daraja la Kwanza, tumeiaga. Tumemaliza wa pili, na nafasi za kupanda moja kwa moja ni mbili, kwa hiyo hatuhitaji kumsubiri mtu wala kumwombea mtu mabaya.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo yako ya chokaa, nimeipindua mlangoni pa stoo ya uwanja. Ni Jumamosi asubuhi, jua zuri. Nina mengi ya kukuambia na mojawapo ni kosa langu, kubwa, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine huko uliko. Kwa hiyo tulia, usinikatize kama kawaida yako.

Ulipotutoka tulikuwa wa pili, pointi moja juu ya wa tatu. Unakumbuka, ulikuwa unaniuliza matokeo hata pale ulipokuwa huwezi kumeza maji. Baada ya mazishi, katibu wa timu alikuja nyumbani, akala, akalia machozi ya kweli, maana alikupenda. Halafu akaniita pembeni. "Skola, hizi mechi zilizobaki shika wewe chokaa ya uwanja, kwa vile umemsaidia mzee. Msimu ukiisha tutatafuta mwanaume. Mistari ni kazi ya mwanaume." Nikamjibu, "Sawa, katibu." Lakini moyoni nilichemka. Miaka mitatu nimekubebea ndoo na kamba, miaka mitatu kifua chako kimekuwa kikikusumbua na nusu ya mistari nimeichora mimi, na yeye alikuwa anapita juu yake na viatu vyake vilivyochongoka, asijue upi wako upi wangu.

Nikaapa nitamwonyesha. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, Jumapili, saa kumi jioni. Tukishinda tunapanda. Tukitoka sare tunabaki tumeshika redio kusikiliza ya wenzetu. Sheria yako naijua kama Baba Yetu: chokaa inapigwa asubuhi ya mechi, baada ya kuutazama Mlima Matogoro kama una wingu la mvua. Hukuwahi kuivunja. Mimi nikaivunja. Nilitaka katibu akija Jumapili asubuhi akute uwanja umeshapigwa mistari, umenyooka, mimi nimevaa kitenge natoka misa ya kwanza. Basi Jumamosi alasiri nikachora wote, Baba, kuanzia kibendera cha kona hadi duara la kati. Matogoro ulikuwa umefunikwa na wingu hadi kiunoni na niliuona. Niliuona nikageuza uso.

Mvua ikashuka alfajiri. Nilikuwa natoka kanisani ilipokuwa inamalizikia. Nilipofika uwanjani sikukuta mstari hata mmoja. Majani mabichi tu, yanang'aa, kama pori ambalo halijawahi kuona mpira. Na ule mfuko wa chokaa uliobaki nilikuwa nimeuacha nje, chini ya paa la stoo, nikidhani hapatalowa. Umeganda jiwe.

Nilikaa chini palepale kwenye maji.

Kamishna wa mechi alikuja kukagua saa tano. Mtu mpole, hata hakugomba. Alisema tu kwamba bila mistari hakuna mechi, na mechi isipochezwa kwa uzembe wa mwenyeji, pointi zinakwenda kwa mgeni. Akatupa hadi saa nane. Katibu akanitazama. Tukaanza kupiga simu. Jumapili Songea, Baba, unajua mwenyewe. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wako misani, simu zimezimwa. Mmoja akapatikana, yuko Madaba kwenye harusi na ufunguo uko mfukoni mwake. Mwingine ana rangi ya mafuta tu, na rangi ya mafuta kwenye majani yaliyolowa haishiki.

Nikampigia Mama. Sikumpigia anisaidie, nilimpigia nilie. Akaniacha nilie. Kisha akauliza, "Hiyo mistari inataka nini?" Nikasema, "Inataka kitu cheupe, Mama." Simu ikakatika nikajua salio limekwisha.

Nusu saa baadaye zikaingia bodaboda mbili. Kwenye ile ya mbele alikuwa Mama, ameshika chekeche. Mama, Baba! Mama aliyekaa na wewe miaka thelathini na mmoja bila kukanyaga uwanjani, aliyekuwa anaulaani mpira kila Jumatatu akisugua magoti ya suruali yako. Nyuma yake viroba vinne vya sembe. Ni ule unga wa arobaini yako. Tuliusaga Ijumaa pale mashineni Lizaboni, na arobaini ilikuwa Jumanne.

Nilikataa. Nilikuwa na sababu, na wewe unaijua. Nilikuwa na miaka sita au saba, nikachota unga jikoni nikachora kiwanja kizima uani, na magoli na kila kitu, nikikuiga. Nilidhani utafurahi. Uliporudi ulisimama muda mrefu ukitazama, kisha ukanipa ufagio na chekeche, ukaniketisha nichekeche mpaka mchanga ubaki mchanga na unga urudi kuwa unga. "Chakula hakikanyagwi, Skola. Huu ni mgongo wa mtu aliyeinama kuutafuta." Sijawahi kumwaga hata kiganja tangu siku ile.

Mama akakichukua kiroba mkononi mwangu akaikata kamba kwa meno. "Watu wa arobaini watakula viazi," akasema. "Baba yako hajawahi kuahirisha mechi kwa sababu ya mistari. Hataanza sasa hivi akiwa kaburini."

Rafiki yako Mzee Saidi wa Namasakata alikuwepo. Alikuja tangu Ijumaa na kilo mbili za korosho, kwa ajili ya arobaini na kwa ajili ya mechi, na sijui ipi ilimvuta zaidi. Akavua kanzu, akabaki na suruali na kofia yake, akaokota upande mmoja wa kamba. "Mwanangu, baba yako Batholomeo angetucheka," akasema, "lakini kamba angeishika." Akasema Bismillahi, akaanza kutembea na yale magoti yake yanayolia.

Sasa hapa ndipo ulipotuokoa, Baba. Kupima uwanja upya ni kazi ya siku nzima, nasi tulikuwa na saa mbili. Lakini mwaka jana, ulipoona pumzi inakuishia, ulinizungusha uwanja mzima mkono wako begani kwangu, ukanionyesha vile vipande vya nondo ulivyovizamisha ardhini nje kidogo ya ncha za mistari, asije mchezaji akaumia. Hakuna aliyejua isipokuwa wewe. Ulinivua viatu, ukaniambia nivitafute kwa unyayo, si kwa macho. Mimi nikakuona unanichosha bure. Jumapili nilivua viatu, nikavipata vyote, kimoja baada ya kingine, baridi chini ya kidole gumba. Kamba kutoka nondo hadi nondo, Mzee Saidi kule, mimi huku, Mama katikati anachekecha unga juu ya kamba kama anaandaa mkate. Alama ya penati niliipima kwa ile kamba yako fupi yenye fundo.

Nyasi zilikuwa na maji, unga ukalowa ukashika kama uji. Saa nane kasoro dakika chache kamishna akapita, akainama, akagusa mstari kwa kidole, akanusa. "Hii sembe?" Nikasema ndiyo, mzee. Akamtazama Mama na chekeche lake, kitenge kimekuwa cheupe hadi kiunoni. "Cheupe ni cheupe," akasema. "Chezeni."

Kuku ndio hawakukubaliana naye. Walipita pale uzio ulipotoboka, upande wa goli la kaskazini, wakaanza kuula mstari wa kona. Uwanja mzima ukacheka. Kina mama washangiliaji wakajipanga pale mechi nzima, mikono kiunoni, wanafukuza kuku na kuwatukana mabeki wa wageni, yote kwa wakati mmoja.

Mechi yenyewe ilikuwa mbaya. Sikudanganyi. Vijana walikuwa na hofu, pasi hazifiki, sifuri kwa sifuri hadi dakika ya themanini na tatu. Mimi nilikuwa nimekaa na Mama nyuma ya goli nikihesabu makosa yangu. Ndipo winga wetu akamponyoka beki, akaelekea kwenye boksi, beki akamkwatua pale ukingoni. Wageni wote mikono juu: nje, nje, faulo ya nje! Refa akasimama. Nilimwona hana uhakika.

Akasogea. Akaangalia chini. Mstari wa boksi ulikuwa umekwanguliwa kama upana wa mkono, pale hasa. Akamwita beki, akamwambia ainue kiatu. Baba, soli ya kiatu ilikuwa na sembe imeganda, nyeupe, kama mtu aliyetoka kusonga ugali.

Na mstari ni sehemu ya boksi. Ulinifundisha hilo kabla sijajua kusoma.

Penati. Nahodha akaweka mpira juu ya alama yetu, juu ya unga wako, akarudi nyuma. Mama akaniuliza, "Huyu anafanya nini sasa?" Nahodha akapiga chini kushoto na wavu ukacheza. Mama akaniangukia, tukaanguka wote, Mzee Saidi akatuangukia juu, akilia na kucheka na kumshukuru Mungu. Sijui dakika zilizobaki zilichezwaje. Najua tu kwamba filimbi ya mwisho sikuisikia, nilisikia mji. Mji mzima, Baba. Pikipiki hadi giza zilikuwa zinapiga honi, na watu nisiowajua wananishika mashavu.

Halafu Jumatatu nikaamka nikakumbuka kwamba kesho ni arobaini yako na nyumbani hakuna hata kikombe cha unga.

Mama alichemsha viazi kweli. Sufuria mbili. Na Jumanne, kabla hata katekista hajafika, watu wakaanza kuingia, na kila mmoja ameshika kitu. Bakuli. Kisado. Mfuko wa rambo. Kila mmoja na unga. Wachezaji walikuja wamebeba viroba mabegani. Mama mwenye wale kuku wa uwanjani alileta unga na kuku mmoja, akasema huyu ameshakula sehemu yake. Na wa mwisho kuingia alikuwa katibu, na viatu vyake vilivyochongoka, debe la sembe kichwani kama mama wa sokoni. Alilitua mbele ya Mama, akatoa mfukoni ufunguo wa stoo, akanipa mbele ya watu wote. "Usiurudishe," akasema. Basi. Mzee Saidi alikuombea dua baada ya katekista kumaliza, na watu wakala, wakabakiza. Leo bado tunakula unga wa arobaini yako.

Nikalia siku hiyo, Baba. Si kwa huzuni peke yake. Nililia kwa kuwa ulistahili kuiona, na kiti chako pale ukutani kilikuwa kitupu, na kila mtu alikuwa anakipita kwa pembeni asikiguse. Nimekukumbuka. Nakukumbuka kila ninapochanganya chokaa na mtu hanigombezi kwamba ni nyepesi.

Nakuomba msamaha kwa kuvunja sheria yako. Kwa unga sikuombi msamaha. Nimejaribu, nimeshindwa. Ule ulikuwa mgongo wako, na tuliukanyaga, na ukatubeba.

Leo nilitoka alfajiri. Nimeutazama Matogoro, mweupe, hauna wingu. Ndipo nikaja kwako na ndoo, kamba na kopo, nikapiga mstari kuzunguka kaburi lako pande zote nne. Ni chokaa, usijali, nzito kama ulivyotaka. Kuku wa jirani wa makaburini walikuja, wakaudonoa mara moja, wakaenda zao.

Timu kubwa zote za nchi hii zitakuja kukanyaga hapa msimu ujao, na kila mechi nitachora asubuhi ile ile, miguu peku. Nakuahidi. Pumzika, Mzee Chokaa. Ukinitafuta, nitakuwa uwanjani.

Mwanao,
Skola